Pamba Ina Kosa Gani?

Kwetu Maparoni, mama hakupenda tulitaje ovyo neno "kuchukia". Mamba alimchukua dada yake mtoni, lakini niliposema namchukia mamba, alinikemea: "Mamba anaogopwa. Anayechukiwa ni yule anayejua anachokufanyia."

Mwaka wa vita vya Maji Maji nilimwelewa. Akida wa Wajerumani alikuwa ametutoa kwa kiboko kwenye mpunga wetu, tukalime pamba ya serikali. Madungu yetu, vile vibanda vya juu vya kuamia ndege wasile mpunga, yakabaki matupu, na ndege wakala chakula chetu cha mwaka mzima. Basi tulipopewa mbegu za pamba, mama alizichemsha kwanza, akazianika zikakauka, ndipo tukazipanda. Tena tulizipanda kwa mistari iliyonyooka kabisa! Haikuota hata moja.

Akida akaja amefura. "Kumbe mnaichukia pamba?"

"Pamba ina kosa gani, bwana?" mama akajibu, amemkazia macho. "Ninayemchukia ni wewe."

Alichapwa mbele yetu, na kwa kila kiboko alilirudia neno lile. Nami nikalitamka, kwa sauti, akida akinisikia. Safari hii mama hakunikemea.