Furu wa Bibi Nyuma ya Kioo

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu nje kidogo ya College Park, huku ughaibuni tunakoishi, kumwonyesha bustani ya wanyama ya utoto wangu, nikakuta magorofa ya wanafunzi. Pale walipokuwa ngiri sasa pana duka la kahawa. Mlinzi wa maegesho aliniambia hajawahi kusikia kwamba palikuwa na wanyama, nikamwambia basi leo amesikia. Binti yangu aliona haya, akainamia simu yake. Mimi sikuona haya hata kidogo. Kaa nikusimulie, maana watu wana haraka mno ya kusahau mahali hapa.

Haikuwa ile bustani kubwa ya jijini inayopigwa picha na kila mgeni. Yetu ilikuwa ndogo na ya kimaskini: simba mmoja mzee, ngiri, nyani wachache, na kule chini kwenye mteremko nyumba ya samaki. Tulikuwa tunaishi Wheaton, mji wa jirani. Mama alihudumia wazee majumbani kwao, hata Jumamosi, na baba alikuwa na zamu zisizoisha. Kwa hiyo mwaka ule bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka kisiwani Ukerewe kukaa nasi miezi sita, mimi mwenye miaka tisa ndiye niliyekabidhiwa kumtembeza. Hakujua Kiingereza, nikawa mdomo wake.

Jumamosi zilianza na dagaa. Tulitandaza gazeti jikoni, mimi nikitoa vichwa, bibi akipepeta mchanga, na harufu ikijaa koridoni mpaka jirani wa mlango wa pili akatoka kupuliza manukato. Bibi alipomsikia akipuliza, aliongeza dagaa kwenye kikaango. Kisha alivaa vitenge viwili, juu yake koti la baba, tukapanda basi. Aliniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na njia nzima alinitania kwamba nimemnyang'anya mume halafu hata ugali sijui kuusonga.

Simba hakumshangaza. Alisema amekonda, tukapita. Baridi ndiyo iliyotusukuma kwenye nyumba ya samaki, maana ndani mlikuwa na joto na unyevu, na mashine za hewa zikitokota kwenye maji kama sufuria za maharage. Bibi alivua koti. Tulipita samaki wa kila rangi, na mbele ya kioo cha mwisho akasimama ghafla. Ndani mlikuwa na visamaki vyenye urefu wa kidole, madume yana bluu na wekundu, majike yamefifia. Bibi aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Furu," alisema. "Mke mwenza, hawa ni furu."

Akaanza kucheka peke yake. Aliniambia jinsi walivyokuwa wakiwakusanya pwani ya ziwa kwa vikapu wakiwa wasichana, wakiwaanika juu ya mawe, wakiwapika na nyanya na ndimu. Aliniambia kwamba jike hubeba watoto mdomoni, na akishikwa huwatema, na aliyetema watoto walimrudisha majini pamoja nao, la sivyo mama zao wangewachapa. Alimeza mate akieleza, nami niliona aibu kwa sababu familia moja ilikuwa inatutazama. Kisha akauliza kibao kinasema nini.

Nilikisoma bila kufikiri. Kilisema samaki hawa hawaonekani tena ziwani, kwa sababu wakazi wa pwani waliwavua kupita kiasi.

Bibi aliondoka kwenye kioo. Alivaa koti, tukaenda kusubiri basi kwenye theluji.

Jumamosi iliyofuata alivaa kitenge cha kwenda harusini. Mama, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za kibao, alimwona mlangoni akiwa mwenyewe anatoka kwenda kazini, akaelewa. "Mama, tafadhali, ni bango tu," alisema. "Watu wa hapa hawapendi drama." Bibi alimwambia mkwewe kwamba yeye hakuja kupendwa.

Mtunza samaki alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na mikono myekundu kwa maji. Bibi alisimama mbele yake, akazungumza polepole ili nisikose kitu. "Mwambie sangara aliletwa na serikali ya mkoloni. Akatiwa ziwani, akala furu wote. Sisi hatukuulizwa. Halafu minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda kuliwa huko kwao, sisi tukabaki kununua mapanki, mifupa na vichwa. Leo wanatuandika wezi. Mwambie aliyeandika hivi ni mwongo."

Nikafungua mdomo, na kwa Kiingereza changu kizuri cha shuleni nikasema kwamba bibi yangu anatoka kwenye ziwa hilo na amefurahi sana kuwaona samaki hawa. Yule mwanamke alitabasamu, akamshika bibi mkono.

Bibi aliutazama ule mkono, kisha akanitazama mimi. "Mtu aliyeambiwa niliyoyasema hawezi kucheka," alisema.

Kwenye basi hakunitania. Nyumbani aliketi kuchambua dagaa wa jioni, na nilipokaa kumsaidia akasema bila kuinua macho, "Umenifanya mgeni mzuri. Sikuja kuwa mgeni mzuri." Niliumia kuliko kama angenichapa. Hakuniita mke mwenza wiki nzima, na zilikuwa zimebaki wiki chache aondoke. Niliogopa kwamba atapanda ndege akiwa ananijua hivyo.

Jumamosi ya tatu mimi ndiye niliyemwambia twende. Tulipofika nilikwenda moja kwa moja kwa mtunza samaki, nikamwambia kwamba mara ile nilimdanganya. Nikayasema yote, sangara, mapanki, mkoloni, na neno mwongo. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sikuruka kitu. Yule mwanamke hakutabasamu. Alileta viti viwili, akauliza bibi aliwakuta furu kwenye kina gani, matope au mawe, mwezi gani walibeba watoto. Bibi alijibu kila swali, nami nikawa natafsiri mpaka koo likakauka.

Kisha akatupitisha nyuma, mahali wageni hawafiki. Palikuwa na mabeseni kwa mabeseni, na ndani yake furu wachanga wadogo kama punje za mchele. Alieleza kwamba hubadilishana samaki na bustani za miji mingine ili ndugu wasizaliane. Bibi alitikisa kichwa kukubali, akasema hata kwao hawaoi bila kuuliza ukoo. Akauliza ni lini watarudishwa ziwani. Mtunza samaki alisema hajui, sangara bado yupo. "Basi endeleeni kuwazalisha," bibi alisema. "Lakini msiwatunze huku mnatusingizia sisi."

Kibao kilikuwa mali ya ofisi, mtunza samaki hakuwa na ruhusa ya kukigusa. Alinipa karatasi na kalamu. Niliandika alichosema bibi, kwa Kiswahili na Kiingereza: Hawa ni furu. Tuliwala na hawakuisha. Aliyewamaliza aliletwa. Mtunza samaki aliibandika kando ya kibao kwa mkono wake, na hakuna aliyeibandua mpaka bustani ilipofungwa.

Bibi amekwisha fariki. Yule mwanamke wa buti sijui alikokwenda. Nyumba ya samaki imevunjwa, na hata harufu yake ya maji ya uvuguvugu siipati popote, nami ninaikosa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukosa harufu.

Lakini nilipotoka kwenye yale magorofa sikukubali kuishia hapo. Nilipiga simu huku na huku mpaka nikajua furu wale walihamishiwa bustani nyingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Wapo, wanazaa. Karatasi yangu haikuhama nao, na kwenye picha waliyonitumia, juu ya kioo pameandikwa vilevile kwamba wakazi wa pwani waliwavua kupita kiasi. Niliwaandikia barua. Walijibu wakinishukuru kwa kumbukumbu tamu ya bibi yangu.

Nimewaandikia tena kwamba bibi yangu hakuwa anakumbuka, alikuwa anashtaki, na kwamba nitafika kwao Jumamosi hii saa nne asubuhi.