Mzee Nyufa na nyumba yake ya daraja la kwanza

Saa tatu asubuhi, mkaguzi anafunga madirisha yote ya nyumba tupu inayouzwa, anawatoa nje dalali na mwenye nyumba, kisha anawasha kijiti cha udi. Anakipitisha taratibu kando ya fremu. Moshi unapopinda, anaweka alama ya chaki.

"Sitaki mtu ndani," anasema. "Pumzi tu zinauchezesha moshi, halafu unalisingizia dirisha la watu."

Kazi yake ni kupima nyumba inavyopoteza umeme: upepo unakopenya, joto linakotorokea. Mwisho anaipa daraja. Nyumba ikiwa ya daraja la kwanza, dalali hulitaja daraja hilo kwa mnunuzi kabla hata ya kumwonyesha choo. Kwa uzoefu wake wa miaka kumi na tisa, bei yake huizidi ya nyumba inayovuja kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Mtaani wanamwita Mzee Nyufa, naye huitika. Ana miaka sitini na mitatu. Kuna siku hazungumzi na mtu, isipokuwa dalali anayeomba daraja lipande "kidogo tu, mzee wangu". Halipandi ng'o.

Nyumba yake mwenyewe ni ya daraja la kwanza. Aliishughulikia miaka miwili, marehemu mkewe akimshikia ngazi na kumcheka. Dirisha la upande wa jirani lilivuja sana, akaliziba kwa matofali. Bili ya umeme ikashuka hadi nusu.

Sasa binti yake, anayeishi mji wa mbali, amepata mnunuzi wa bei nono. Anataka baba auze, ahamie kwake. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Ananionea huruma, na ana haki," anasema mzee. "Nyumba ina kimya cha kutisha. Zamani, kabla ya matofali, nilimsikia jirani akimfokea mumewe kwa kuacha viatu mlangoni. Ndoa yao niliijua kuliko wao!"

Anacheka.

Mwaka jana mume huyo alifariki. Watu walilia siku mbili, ng'ambo ya ua tu. Mzee Nyufa alikuwa ndani, anakunywa chai. Alijua siku ya tatu, alipotoka na kuona viti vimepangwa nje.

"Nilipokwenda kumpa pole akaniuliza, 'Ulisafiri, kaka?' Nikasema ndiyo." Anafuta chaki vidoleni. "Nilimdanganya mjane. Iliniuma, mpaka leo inaniuma."

Jumapili iliyopita alimpigia binti yake: hauzi. Tena atayabomoa yale matofali na kurudisha dirisha, la kioo kimoja, cha kufunguka. Ameshapiga hesabu. Nyumba itashuka madaraja mawili.

"Baba, unaishusha bei kwa mikono yako mwenyewe!" binti alimwambia.

"Bei naijua, mama. Ndiyo kazi yangu."

Fundi anakuja Jumamosi. Mzee alikwenda kwanza kumwomba radhi jirani, kwamba dirisha likishafunguliwa, kelele za nyumbani kwake zitakuwa zinamfikia.

"Akaniangalia, akasema, 'Kelele gani, kaka, na uko peke yako?'" anasimulia. "Nikamwambia anivumilie, nitaanza na redio."