Kengele Niliyoshindwa Kuizima

Kengele ya moshi ililia mkononi mwangu mbele ya watu karibu mia mbili, nikashindwa kuizima.

Mimi ni fundi umeme. Mwaka wa kumi na tisa huu nafunga kengele hizo kwenye dari za watu. Kuizima moja naweza hata nikiwa nimefumba macho.

Watu wakaziba masikio. Mwenyekiti wa kikao akanipungia mkono, kwamba basi, tumeelewa. Mimi nimesimama tu, machozi yananimwagika kama mtoto.

Mtaani wanasema nilirukwa na akili. Ngoja nikupe kisa chote.

Nilikuwa na dada mmoja, mdogo wangu wa kunifuata. Fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kupigia pasi, na vitambaa vimerundikana mpaka dirishani.

Mdomo alikuwa nao. Ukimpelekea suruali akupunguzie kiuno, anakuuliza kwanza ni nani amekunyima chakula. Mimi aliniita Bwana Waya.

Alipoolewa, watu walileta vyombo na mashuka. Mimi nikaja na ngazi na kengele ya moshi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaifunga kwenye dari la korido, kati ya chumba cha kushonea na chumba cha kulala. Nikamfundisha kitu kimoja: kila akiweka betri mpya, aandike tarehe ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, ili tujue imekaa muda gani. Akalishika hilo kuliko nilivyotegemea. Ile kalamu ya kuchorea vitambaa ilikuwa haimtoki sikioni.

Na alikuwa na mwandiko wake. Saba yake lazima aipitishie mstari katikati. Tangu shule ya msingi, mwalimu alimkosoa mpaka akachoka.

Mume wake, yaani shemeji yangu, ni mwoka mikate. Mtu mpole, maneno yake unayahesabu. Ila akikaanga mayai kwenye lile jiko lao dogo, kengele inalia, naye anapepea taulo huku analalamika.

"Hii kengele yenu inanionea. Iko siku nitaing'oa."

Alisema hivyo mbele yangu, mbele ya mama, mbele ya wateja wa dada. Tulikuwa tunacheka wote.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa saa nane mchana. Dada alikuwa na mafua makali, akameza dawa, akaenda kujilaza. Pasi akaisahau mezani, imewashwa, juu ya gauni la mtu.

Vitambaa havikuwaka kwa kishindo. Vilifuka tu, taratibu. Jirani aliyekuwa anaanua nguo ndiye aliyeona moshi unatoka dirishani, akapiga kelele, akapiga simu.

Moto wenyewe ulizimwa haraka, haukutoka hata kile chumba cha mbele. Dada yangu walimkuta kitandani, amejifunika shuka hadi mabegani. Hakuungua hata ukucha. Moshi ndio uliomchukua.

Mzimamoto akatoka na ile kengele, imejaa masizi. Akafungua kifuniko chake mbele yetu. Ndani hamna kitu.

"Betri yake iko wapi?"

Mama akamgeukia shemeji. Na mimi nikamgeukia. Alikuwa amekuja mbio kutoka kazini, mikono bado ina unga hadi viwikoni.

Aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu kidogo, mimi nikadhani anataka nimtetee. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Niliitoa mimi."

Walinishika watu watatu nisimfikie.

Kuanzia siku hiyo nilimfuta. Miaka miwili. Alikuja nyumbani kumsalimia mama mara nne, na mara zote nne mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Namwambia mama hayupo. Mama yupo ndani, anatusikia, na amekaa kimya kwa sababu hata yeye hakutaka kumwona.

Mara ya tano hakuja.

Basi, mwaka huu halmashauri ikatuita wananchi kutoa maoni. Walitaka kupitisha sheria ndogo: kila nyumba anamolala mtu, iwe yako au ya kupanga, lazima iwe na kengele ya moshi.

Nililivalia njuga jambo hilo. Nilizunguka na karatasi za sahihi. Na nikaongeza kipengele changu mwenyewe: mtu akichomoa betri, na mwenzake akafa kwa moshi, afungwe jela. Kichwani nilikuwa na mtu mmoja tu.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mama nilimkalisha mstari wa mbele. Nilipogeuka nikamwona shemeji kule nyuma kabisa, karibu na mlango. Amekonda, shati linamning'inia.

Nilifurahi. Sikufichi. Nikasema moyoni, vizuri, akae asikie.

Akasimama mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha.

"Leo kengele," akasema, "kesho mtatuletea sheria ya upande wa kulalia. Jamani, mtu anayeipenda familia yake ataifunga mwenyewe. Asiyeipenda, hata sheria haitamsaidia."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Damu ikanichemka, nikaenda mbele.

Niliongea vizuri, naambiwa. Niliwaeleza kuhusu dada, shuka, na zile dakika ambazo kengele ingempa. Kisha nikasema nitawaonyesha kengele yenyewe inavyofanya kazi, nikafungua boksi jipya nililokwenda nalo.

Halikuwa na betri.

Kama wewe si fundi hili hulijui, lakini sisi kazi haitukwamii kwa kukosa kitu. Tunachomoa hapa, tunachomeka pale, tutarudisha kesho. Mita yangu ya kupimia umeme inatumia betri ileile ya mstatili inayotumiwa na kengele ya moshi. Na mita haili betri, moja inaweza kukaa humo miaka.

Nikaitoa mita begini, nikafungua skrubu moja, nikachomoa betri, nikaipachika kwenye kengele. Hata sikuitazama, macho yangu yalikuwa kwa watu.

Nikawasha kipande cha karatasi, nikakizima kwa pumzi, nikakiweka chini ya kengele. Ikapiga ukelele.

"Mnasikia?" nikasema. "Dada yangu hakupewa hata hii."

Nikaigeuza ili nichomoe betri, inyamaze. Ndipo nikaona maandishi.

17/7. Wino mzito, mweusi. Kila saba imepitishiwa mstari katikati.

Nilikumbuka vyote kwa mpigo. Ilikuwa miezi mitano kabla ya moto. Nilikuwa natengeneza saketi kwenye zahanati ya mtaa ule, mita ikazima katikati ya kazi. Nyumba ya dada ilikuwa hatua chache tu. Nikaingia na ngazi yangu.

"Dada, naazima betri."

"Irudishe leo, Bwana Waya. Mimi nakujua wewe."

"Kesho asubuhi, bila kukosa."

Alinishikia ngazi wakati naichomoa. Kwa mikono yake miwili, nisianguke.

Kesho ikaja na kazi zake. Sikulikumbuka tena jambo lile hadi pale, mbele za watu, kengele inalia. Na mazoea yangu ya kuizima ni kuchomoa betri; sasa ningechomoa ileile kwa mara ya pili. Vidole vilikataa.

Niliona mkono unakuja. Ulikuwa mkono wa shemeji. Alikuwa ametembea ukumbi mzima. Akaichukua ile kengele, akabonyeza kitufe pembeni, ikanyamaza. Akaona tarehe, wala hakushtuka.

"Shemeji, tulia," akaninong'oneza. "Maliza ulichokuja kusema, ukakae."

"Ulijua?"

"Aliniambia jioni ileile, huku anacheka. Akawa ananiambia nikukumbushe, au ninunue nyingine. Na mimi nikawa nasahau. Miezi mitano napita chini ya kengele isiyo na betri."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Akatazama mstari wa mbele, alipokaa mama.

"Siku ile mama alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja," akasema. "Ningesema ni wewe, ningemwachia nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya, na ninajua angenitunzia siri hiyo hadi kufa. Nilimtazama mama. Nikamtazama huyu mtu niliyemfungia mlango mara nne. Nikashika kipaza sauti.

"Kile kipengele cha jela nilimwandikia huyu hapa," nikasema. "Betri niliichukua mimi. Hii hapa, imeandikwa na dada yangu."

Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea.

Mama akainuka. Akanipita, akasimama mbele ya mkwe wake, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akamwambia. "Miaka miwili yote hii ulikuwa unakula kwa nani?"

Shemeji akainamia bega lake. Alilia kwa sauti, mbele za watu, mtu ambaye sikumwona akilia hata kaburini.

Sheria ilipita. Kipengele changu nilikifuta, nikaomba badala yake kengele ziwe za kuunganishwa na umeme wa nyumba, na betri yake ya akiba ifungiwe humohumo ndani, isichomoke hata kwa fundi. Wakakubali. Ndizo ninazozifunga siku hizi. Kila nikishuka kwenye ngazi namwangalia anayenishikia.

Shemeji anakula kwa mama kila Jumapili. Mimi pia naenda. Mama ananipakulia, ananiuliza habari za kazi, tunaongea. Ila neno mwanangu hajaniita tena, na sijawahi kumuuliza kwa nini. Ninalala nalo, naamka nalo.

Yule mzee wa nyumba za kupangisha alisema anayeipenda familia yake hahitaji sheria. Nimelifikiria sana neno hilo. Nilimpenda dada yangu. Mume wake alimpenda. Yeye mwenyewe alijua. Wote watatu tulijua ile kengele haina kitu, na wote tulisema kesho. Ndiyo maana nataka sheria, ya kutulazimisha hata sisi tunaopenda.

Ukimaliza kusoma hapa, panda kwenye kiti, ubonyeze kitufe cha kengele yako usikie kama inalia.

Na kama kuna betri ya mtu uliyoiazima, irudishe leo.