Bahasha ya Mama Kimya

Mke wangu namwita Mama Kimya, na kazini kwao jina limeshika. Ukiburuta kiti, "Shhh!" Cherehani yangu aliiwekea mpira miguuni wiki ileile tuliyooana. Si ukali, ni kazi imemwingia mwilini.

Kazi yenyewe hii hapa. Huko mbali nyota mbili nzito zikigongana, anga lote hutikisika, na mtikisiko huo hupita hata kwenye sufuria yako, ila ni mdogo mno. Ili waunase, hurusha mwanga wa leza ndani ya mabomba mawili marefu yenye vioo mwishoni. Kioo kikicheza kidogo tu, wanajua. Lakini lori likipita, kioo hucheza. Pampu ya maji, vilevile. Kwa miaka ishirini na tisa mke wangu amezisaka kelele hizo mojamoja. Hata jokofu la ofisini alilizima, maziwa ya mkurugenzi yakachacha.

Sasa, wakubwa wao wana desturi ya ovyo, nasema wazi. Mara mojamoja huvitikisa vioo wenyewe kwa siri, kupima kama watu wako macho. Wakifanya hivyo, huandika karatasi na kuifungia kwenye bahasha, nayo bahasha hufunguliwa ripoti ikishakamilika. Ikiwa na karatasi, ilikuwa danganya toto. Ikiwa tupu, mtikisiko ni wa kweli.

Mwaka juzi mke wangu na wenzake walinasa mtikisiko mmoja. Wakaandika ripoti miezi sita. Bahasha ikafunguliwa: karatasi! Aliyefoka ni mimi.

"Wamekufanya mtoto mdogo!"

Yeye akavua viatu taratibu. "Baba watoto, tuliusikia. Mdogo vile, na tuliusikia. Nipe chai."

"Na ukistaafu hujapata wa kweli?"

"Mvumilivu hula mbivu."

"Nyingine si huozea mtini?"

Alicheka, lakini nilimwona akihesabu miezi kwenye kalenda. Roho iliniuma.

Mwaka jana wakanasa tena. Safari hii hakutaka tulizungumzie kabisa. Jumanne iliyopita, zikiwa zimebaki wiki tatu astaafu, alirudi mchana, saa ambayo harudi kamwe. Akaweka bahasha juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Ilikuwa imeshachanwa.

Nikaingiza vidole. Nikaipindua, nikaikung'uta. Hamna kitu!

Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima na ndevu zangu, mpaka majirani wakachungulia. Na Mama Kimya, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, hakuninyamazisha.