Dola za Maxwel

Achola alikuwa akichambua maharagwe, Agosti ya 2008, alipomwona Shabir mlangoni, kofia mkononi. Shabir ndiye mwenye duka la vipuri alikofanya kazi mumewe, na hakuwahi kufika kwao mtaani Kivumbini hata siku moja.

"Mama Peterson," alisema, "Maxwel alianguka dukani. Tulimkimbiza hospitali. Pole sana, mama. Mungu amemchukua."

Maharagwe yalimwagika sakafuni. Hakuna aliyeyaokota hadi jioni.

Maxwel Obura, mjukuu wa fundi wa reli, alikuwa karani wa stoo, mtu wa kukunja risiti na kuzitia mfukoni. Kila Jumamosi alikwenda saiba ya Kinyanjui, kibanda cha intaneti, akafungua tovuti ya Wamarekani ya kupangia bajeti, akaingiza kila kitu: sadaka kwanza, kisha kodi, karo, mafuta ya taa, sukuma. Tovuti hiyo haikujua shilingi. Ilibandika alama ya dola kwenye kila tarakimu, naye akaiacha ibandike.

"Kwa hivyo Mmarekani anajua tumekula sukuma wiki nzima?" Achola alimtania.

"Anajua. Lakini yeye hacheki."

Kwa mpango huo mwana wao Peterson hakufukuzwa shule kwa karo hata miezi ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, nusu ya mji ikiwa imefungwa.

Sasa kaka mkubwa wa Maxwel, Owino, akaja matangani kutoka Gilgil. Katika koti la marehemu alipata karatasi iliyochapishwa pale saiba. Chini kabisa: $84,000.

"Wee! Kumbe ndugu yangu alikuwa milionea kimyakimya!"

Tangu hapo kilio kiligeuka karamu. Owino aliahirisha mazishi, akaagiza jeneza lenye kioo, mahema, mtu wa video, na ng'ombe wawili kwa mkopo. Mwili ukabaki mochari, bili ikipanda.

"Shemeji, hizo pesa si..." Achola alijaribu.

"Mjane haongei mambo ya pesa. Wewe lia tu, sisi tutapanga."

Owino alikula nyama, akajilamba vidole, kisha akawaonyesha wageni karatasi ile ile, mpaka ikalowa mafuta. Achola aliona tarakimu za mumewe zikielea kwenye shahamu. Alitoka nyuma ya nyumba akatema mate. Alijaribu kusali, lakini maneno aliyoyapata ni haya tu: "Bwana, nisamehe. Hawa watu wananitia kinyaa."

Aliwaza deni litakalobaki mlangoni pake wakishaondoka, na karo ya Peterson. Siku ya pili, Owino alipotaka kuongeza ng'ombe wa tatu, alisimama katikati ya mkutano.

"Hizo si dola. Ni shilingi. Tena si pesa alizoweka. Ni hesabu ya matumizi yetu ya mwaka huu: nyumba, karo, unga. Nyingi zimeshaliwa."

Macho yote yalimgeukia Kinyanjui wa saiba, aliyekuwa amekaa pembeni.

"Ni kweli," alisema. "Hiyo tovuti huandika dola tu."

Owino alimtolea Achola macho. "Na wewe ukatuacha tule?"

"Niliongea, shemeji. Ulikuwa unatafuna."

Kufikia jioni viti vilikuwa vitupu. Mtu wa video aliondoka wa kwanza. Mtu mwingine aliondoka na thamosi ya chai. Owino naye akakumbuka kazi Gilgil. Ng'ombe wa pili alirudishwa kwa mwenyewe, na jeneza la kioo likarudi kwa fundi. Wa kwanza alikuwa tayari tumboni mwao, na bei yake, pamoja na bili ya mochari, ikakatwa kwenye mshahara wa mwisho wa Maxwel.

Walimzika Ijumaa katika makaburi ya mji, karibu na baba yake, ndani ya jeneza la mbao za mtarakwa. Shabir na vijana wa stoo walilibeba. Mchungaji Milcah alisoma zaburi, akaomba, na kwaya ikaimba bila kipaza sauti. Peterson alitupa udongo baada ya mama yake. Owino alifika kaburi likiwa limejaa nusu. Alichukua koleo, akafukia pamoja na wengine. Achola aliweka maua, akapiga magoti kidogo, kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda nyumbani.