Siku Ambayo Haikuwa Zamu Yake Kufa

Mimi nilikataa tangu mwanzo, na nilikataa kwa kelele. Mume wangu, mtu aliyekimbia vita Kivu, akafika Acocks Green, huku Uingereza, mzima na mikono yake miwili, leo avae koti jekundu la askari wa Kiingereza akapigane vita vya Napoleoni kila Jumapili? "Una wazimu wewe?" nilimuuliza. Akacheka, akaniomba nimfungie vifungo. Vilikuwa vingi, na tumbo halikutaka.

Mwenzake wa kazini ndiye aliyemwingiza kwenye chama chao. Wazee watupu, wenye vitambi na magoti mabovu, wanaigiza mapigano ya miaka mia mbili iliyopita mbele ya watu waliokuja na watoto na vikapu vya chakula. Asubuhi wanachomoa vijiti kwenye kofia: ukitoa kifupi, leo unakufa. Mmoja wao, kila akipata kifupi, hujikokota akafie karibu na hema la chai, kivulini. Jamani, nilicheka mpaka machozi.

Lakini hofu nilikuwa nayo, na sababu niliijua. Fataki ambazo Waingereza hulipua kila Novemba zikianza kulia mtaani kwetu, mume wangu hujifungia bafuni akakaa sakafuni mpaka ziishe. Mwaka jana binti yetu alimwomba ampeleke kuzitazama, akashindwa. Ndiyo maana akajiunga na wale wazee.

"Kule hakuna risasi, mama, ni baruti tupu," aliniambia. "Nataka masikio yazoee, nimpeleke mtoto."

Kuhusu vita vya kwao aliwahi kuniambia jambo moja tu: alipona kwa sababu alilala chini. Sikuthubutu kuuliza alilala wapi, na kina nani.

Jumapili ile ilikuwa mara yake ya kwanza kupangwa mstari wa mbele. Kabla hawajaanza alikuja kwenye kamba tuliposimama watazamaji, akanipa kijiti chake. Kilikuwa kirefu. "Leo sifi," alisema, akamkonyeza binti yetu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na baridi ile! Nilitaka kumshika koti nimzuie. Nikamwacha aende, na mpaka leo najilaumu.

Bunduki za upande wa pili zikalia zote kwa pamoja. Moshi ulipopungua, mume wangu alikuwa chini, kifudifudi. Watu wakashangilia, maana hakuna aliyewahi kufa vizuri namna ile. Binti yetu akaruka juu: "Dad's the best one!" Mimi nilikitazama kijiti kirefu mkononi mwangu.

Labda ameteleza, nilijidanganya. Nikangoja. Mapigano yakaisha, filimbi ikapigwa, na kama ilivyo desturi yao maiti wote wakainuka kuwapungia watu mikono. Waliinuka mmoja mmoja, wakishika magoti, hadi yule wa hema la chai. Mume wangu hakuinuka.

Nikaruka kamba, nikakimbia. Alikuwa amefumba macho, anapumua kidogo kidogo, kwa kuiba. Nikamgusa bega.

"Wameenda?" akanong'ona.

"Wameenda, baba. Twende nyumbani."

"Lala chini," akasema. "Watakuona."

Nikalala pembeni yake, na kitenge changu cha sikukuu, kwenye nyasi zilizolowa. Nyuma ya kamba watu wakaanza kupiga makofi tena.