Nilimpa Kifundo cha Mkono

Cheka ukitaka. Rafiki zangu wa mtaani kwetu Cimpunda wamecheka hadi wakachoka, na mmoja aliniuliza siku ile nilikuwa nimekunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kiasi gani. Sikunywa hata tone. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inanyesha, akili zangu timamu, na haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji wa jirani.

Mimi ni fundi bomba. Mkono wangu wa kulia ndio unaolisha watoto wangu, na habari zake ndizo ninazokuletea. Maman Noella, mjane anayeishi peke yake katika nyumba ya zamani kule mtaa wa Muhumba, aliniita niing'oe robine, ile koki iliyokuwa ikivuja chini ya tangi la maji ya moto. Tangi lenyewe ni la enzi za Wabelgiji, limesimama katika chumba kidogo nyuma ya jiko, limeliwa na kutu. Mtu mwingine angelitupa zamani.

"Courant ilikatika tangu juzi," maman akaniambia habari za umeme. "Maji iko baridi. Tumika bila woga."

Nikaligusa kwa kiganja, kama tunavyofanya mafundi. Baridi kweli. Nikafunga maji yanayoingia, nikatega beseni, nikaanza kuifungua nati. Haikusogea. Nikaipaka mafuta ya mazut, nikangoja, nikaigonga kwa nyundo, nikaning'inia kwenye kle, spana yangu kubwa, kwa uzito wangu wote. Wapi! Nikaanza kuitukana kwa Mashi, lugha ya kwetu, maana matusi mazuri yako huko.

Ndipo mtu akaingia. Mzee mwembamba, koti la kazi la buluu, mkono wa kulia umo mfukoni. Nje mvua inamwagika, yeye mkavu. Unadhani nililiona hilo? Nilidhani ni ndugu wa nyumba, basi.

"Inakatala?" akauliza.

"Inakatala, papa."

Akaninyoshea mkono wa kushoto. Sikupenda, lakini ni mzee, utamfanya nini? Viganja vyangu vilikuwa vimejaa kutu na mazut, kwa hiyo nikafanya kile tunachofanya sote mikono ikiwa michafu: nikakunja ngumi nikampa kifundo cha mkono wa kulia akishike.

Akakishika. Hakukiachia. Vidole vyake vilikuwa vya moto, niamini, moto wa sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Akaurudisha mkono wangu kwenye kle, akasema polepole: "Kaza kwanza kidogo. Kisha ndio unafungula."

Nikakaza. Nati ikalia. Nikaigeuza upande wa pili, ikaja bila ubishi, na maji yakaruka juu ya mkono wangu yakitoa mvuke. Mvuke, ndugu yangu! Kutoka tangi lililokaa siku mbili bila umeme! Niliona ngozi ikiiva, ikitoka malengelenge, na sikusikia kitu. Nilisimama nikiungoja uchungu, haukuja.

Kelele za Maman Noella ndizo zilizoniondoa pale. Nikageuka, mzee hayupo. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo, tena kwa ndani.

"Tonton aliyekuwa hapa ameenda wapi?"

Hakuniuliza tonton gani. Aliniuliza, "Alikushika mukono?" Kisha akakaa chini, kwenye maji yale yale, akaanza kulia. "Ni ule muzee alikuwa anachunga hii nyumba wakati ya Wazungu. Tangi ilimuunguza mukono ya kuume, akakufa. Fundi wa mbele yako, naye alimushika."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuya?"

Hasira niliyopata siku ile bado ninayo. Nikipita Muhumba natema mate.

Ngozi ilipona, ganzi ikabaki. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, na labda ni mishipa, yeye ndiye aliyesoma. Ninachojua ni kwamba mkono huu haujui tena moto. Nimewahi kushika kaa la moto nikidhani ni kipande cha chuma. Jambo hilo nilimficha mke wangu, nikiogopa atanikataza kazi.

Mwezi uliopita alikuwa anasonga bugali, akaniita: "Pima mutoto, naona kama iko na homa." Binti yetu ana miezi minane. Kwa mazoea tu nikaweka kiganja cha kulia kwenye paji la uso wake. "Iko muzima," nikajibu, tukala, tukalala. Alfajiri alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka. Tulikimbia naye hospitali, mimi nikilia njiani kama mwehu, na Mungu aliturudishia. Nilipomweleza mke wangu ukweli, hakunigombeza. Siku hizi mtoto akilia usiku, mama yake anamgeuzia upande wake, mbali na mkono wangu.

Basi wewe, mikono yako ikiwa michafu na mtu usiyemjua akakunyoshea wake, msalimie kwa mdomo. Atasema huna adabu. Mwache aseme.